Hodi ya Tatu Mlangoni mwa Maabara

Jamani, nimefungiwa maabara, na kosa langu mwenyewe!

Kisindano cha darubini yetu, ile inayochora picha kwa kugusa, kilikuwa kinapapasa nyuzi za gamba la samaki changu, nyuzi zisizoonekana kwa jicho. Ukikohoa tu, picha inaharibika.

Bi Time, mshika funguo wetu, kaja mlangoni. "Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi, wenyewe!"

Nikabana pumzi.

Akapiga ya tatu. Hiyo isipojibiwa haingii ng'o, ndivyo alivyofunzwa. Nikasikia kufuli linafungwa, kenda zake. Na leo Ijumaa, jengo zima wako msikitini.

Nikampigia simu.

Kumbe simu yake kaisahau; ikalia humu humu, juu ya meza ya mashine, meza ikatetema! Picha kwaheri.

Mlioko Malindi, mtaani kwake, mkimwona mwambieni: sasa mimi ndo nnapiga hodi, kwa ndani.