Mwanamke wa Ukutani Aliyeinua Mkono

Mama alikuwa fundi wa nguo mtaa wa Kaloleni, Kisumu, na ukuta wa sebule yetu ulijaa picha za watu weusi mashuhuri. Majarida ya zamani aliyanunua soko la Kibuye kwa wauza njugu, kabla hawajayararua kufungia. Akifika nyumbani alishika mkasi na kumkata mtu kwa kufuata mwili wake, begani, kiunoni, hadi pindo la nguo, vilevile alivyokata kitambaa. Maneno ya chini ya picha yalianguka sakafuni pamoja na mabaki, nami nikayafagia.

Hakuwapenda wazungu wa vitabu vya mitindo. Alisema hawana makalio, na atakayeshonewa kwa picha yao atalia siku ya kuvaa. Basi wateja wetu walichagua ukutani: suti ya mfungwa wa kisiasa aliyeachiliwa, kanzu ya rais wa Afrika Magharibi, gauni la mwimbaji wa Marekani. Bondia alikuwa kifua wazi, hana cha kuigwa, lakini Mama hakumbandua. "Huyu ni wa macho yangu," alisema. Baba alikuwa amefariki nikiwa na miaka mitano, kwa hiyo sikuona ubaya.

Aliyependwa kuliko wote ni mwanamke aliyeinua mkono, mdomo wazi, kavaa gauni la kola pana.

"Mama, nishonee kama ya huyu, lakini hiyo kola punguza kidogo," wateja walisema.

"Huyo ni mwimbaji," Mama aliwaambia. "Angalia mdomo."

Alilishona gauni hilo kwa manjano, kwa waridi, kwa satini ya kijani. Sijui harusi ngapi zilipita nalo.

Nilipokuwa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu alitutaka tuzungumze mbele ya wazazi kuhusu mtu mweusi aliyefanya jambo kubwa. Mshindi angekwenda Nakuru kuwakilisha shule. Mimi nilikuwa sijawahi kutoka Kisumu ila kwenda kuzika, na niliitaka safari hiyo kufa na kupona. Nikambandua yule mwanamke ukutani.

Siku ilipofika Mama aliketi mbele, amevaa lile gauni, rangi ya chungwa. Nikainua picha nikaeleza nyimbo za huyu mwimbaji, safari zake, umati uliomshangilia. Yote niliyatunga. Nilipomaliza, mwalimu wa sekondari aliyealikwa kutoa alama aliomba kuiona picha. Akasema kwa upole kwamba huyu si mwimbaji. Ni mke wa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeuawa kwa risasi, na hapa alikuwa akiwahutubia waombolezaji kaburini.

"Kumbe harusi zote tumevaa nguo ya matanga," mzazi mmoja akasema kutoka nyuma. Ukumbi mzima ukacheka, walimu nao. Nakuru ikaenda kwa mwingine.

Tulirudi kupitia mtaa wa Nyalenda. Penye bomba la maji akina mama walikuwa kwenye foleni na mitungi yao, wengi wakiwa wateja wetu. Hapo hasira ikanishinda. "Ungejua kusoma," nikamwambia Mama mbele yao, "haungekata hayo maneno."

Kila mtu alijua kwamba Mama hajui kusoma, na hakuna aliyewahi kulisema. Wale akina mama wakainamia mitungi yao. Mama aliendelea kutembea. Heri angenipiga kofi. Tulipofika mlangoni kwetu, akiwa na ufunguo mkononi, akaniuliza, "Alisema nini?"

"Nani?"

"Huyo mama. Pale kwa kaburi, alisema nini?"

Sikujua. Yule mwalimu wa sekondari alikuwa ameeleza, lakini mimi nilikuwa nikiililia Nakuru. Nikaona aibu, na safari hii ilikuwa aibu ya haki.

Jumatatu nilimfuata yule mwalimu shuleni kwake. Akanitafutia gazeti lenye hotuba, nami nikainakili kwenye daftari. Nyumbani nikamsomea Mama, nikitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili chetu cha Kaloleni, maana yeye alikuwa Mluhya na Baba Mjaluo, na Kiswahili ndicho kilichowaoza. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Rudia," akasema. Nikarudia mara tatu.

"Siku ya baba yako," akasema baadaye, "waliongea watu wa kanisa, watu wa kazi, ndugu zake wote. Mimi hakuna mtu aliniuliza kama niko na neno."

Nikamwuliza angesema nini. Akakunja mikono mapajani, akaanza kwa kulitaja jina la Baba, jina ambalo maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akilitamka.