Wezi wa Sebuleni Kwangu

Wanaume wa rika langu hapa Kileleshwa wana starehe zinazoeleweka. Jirani wa juu anafuga mbwa ambaye fleti yake haimtoshi. Wa chini ana shamba la parachichi ambalo sidhani amewahi kulikanyaga, ila habari zake anazo. Mimi nakusanya picha za wahalifu. Si hawa wa leo, ambao sura zao zimejaa kila mahali. Wangu ni wale wa zamani, waliokamatwa wakapigwa picha na polisi, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kibao cha namba kifuani.

Nilianza vile walevi wanavyoanza, bila mpango. Mjini, nyuma ya River Road, kuna mzee mmoja wa Pwani anayeuza vitabu vikuukuu, stempu, na sarafu ambazo hazinunui kitu tena. Nilikwenda kwake kutafuta kamusi, nikakutana na bahasha, na ndani ya bahasha mwanamume aliyevaa koti linalomzidi, ameshika kibao chake, anaitazama kamera kana kwamba kamera ndiyo iliyoiba. Kamusi nikaisahau. Mzee aliniacha niipekue bahasha nzima, kisha akasema kwa upole, "Bwana wangu, hawa ni wezi watupu. Hapa ninazo picha za maharusi, safi, za studio. Mbona hutazami hizi?"

Nilimweleza sababu, kwa kirefu kuliko alivyohitaji. Studioni, nilimwambia, watu wetu waliazima saa na tai, wakasimama kando ya maua ya plastiki. Ni kwa polisi tu walikopigwa picha walivyo: shati halina kifungo, jicho limevimba, mmoja amejikaza asicheke, mwingine kidole cha askari bado kinaonekana kikimwinua kidevu. Nilisema maneno kama "ukweli wa uso wa binadamu". Mzee akaitikia kwa kichwa, akaifunga bahasha kwa mpira na kunipa. Niliporudi mara ya pili alikuwa ameniwekea nyingine. Alikozitoa sikuuliza, na yeye hakujisumbua kunieleza.

Mke wangu hakuwa na shida na ukweli wa uso wa binadamu. Shida yake ilikuwa vile vibao. "Hawa watu wako watakaa hapa," alisema, "lakini hizo namba sitaki kuziona nikinywa chai." Tukaelewana. Nikazipeleka zile za mbele tu Riruta kwa fundi wa fremu, akazizungushia kadi nyeupe iliyoficha kila kitu kuanzia mabegani kwenda chini. Zilipokaa ukutani, wezi wangu walikuwa wazee wa heshima kabisa. Ungedhani ni kamati ya kanisa. Ili wapate nafasi niliondoa picha za familia yetu, nikazitia kwenye katoni, nayo nikaisukuma chini ya kitanda. Nilisema ni kwa muda.

Kwa muda huo wakapita wageni wengi, na kila aliyekubali kuketi alihutubiwa. Nilijua huyu alikamatwa kwa pombe haramu, yule kwa kukosa kitambulisho, wa tatu kwa baiskeli ya padri, maana nyuma ya kila picha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kosa lake na kijiji alikotoka. Nilijisikia mwanahistoria. Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, aliniita mkuu wa gereza.

Kisha binti huyo akapata mchumba, na watu wa kijana wakasema watakuja kubisha hodi. Kijana ni wa magharibi ya nchi kama sisi, ila si wa upande wetu, na kwao hasa ni wapi sikuwahi kushika. Niliambiwa, lakini nadhani siku hiyo nilikuwa na bahasha mpya. Wiki nzima mke wangu aliniomba niwatoe wezi. Nikajibu kwamba ukuta utabaki na misumari mitupu, jambo ambalo ni aibu. Asubuhi ya siku yenyewe binti yangu naye akajaribu. "Dadi, tafadhali. Hizi mapicha zitaniharibia." Nikamwambia wageni hawaji kutazama ukuta.

Mtu wa magharibi akiingia kwenye nyumba ya watu anaotaka kuoa kwao, kitu cha kwanza anachotazama ni ukuta. Ndiko anakowasoma. Nimezaliwa huko, nimekulia huko, nimekwenda posa za watu nikatazama kuta zao. Sijui nilifikiri wetu utasamehewa kwa sababu gani.

Msemaji wao alikuwa shangazi ya kijana, mama mnene mtaratibu. Baada ya maombi na salamu alisimama akapita mbele ya picha, mikono nyuma, mpaka akafika kwa yule wa koti kubwa, wa kwanza wangu na mzuri kuliko wote. Akamtazama, akanitazama. "Huyu ni babu," alisema. "Si unaona, mmetoana sura."

Hapo ningeweza kusema, hapana, ni picha za kale tu. Ni maneno machache. Lakini nilikuwa nimesifiwa, na mtu huyo alikuwa na sura nzuri kweli. "Ndiye," nikasema. "Babu mzaa mama."

Mke wangu, aliyekuwa anapanga sahani, aliacha kupanga.

"Na kwao ni wapi?"

Kwao mama yangu sikujua sawasawa. Babu yangu wa kweli alihama ujanani kutafuta kazi, na kilichobaki kichwani mwangu ni kwamba alihama. Lakini kwao yule wa koti nilikujua, maana nilikuwa nimekusoma nyuma ya picha mara nyingi. Nikakutaja, mpaka kijiji, kwa sauti ya mtu anayejua kwao.

Wakati huo shangazi alikuwa amerudi kitini, na binti yangu amepiga magoti mbele yake na jagi la maji ya moto na beseni, kumnawisha. Maji yalikuwa yameanza kutoka. Shangazi akairudisha mikono yake na kuifuta kwenye gauni.

"Hapo ni kwetu," akasema. "Hicho kijiji ni cha ukoo wetu tupu. Hakuna mtu wa nje." Akawageukia wenzake, wakasemezana kwa lugha yao, kisha akanirudia kwa huzuni ya kweli. "Baba, kama mama yako alizaliwa na mtu wetu, hawa watoto ni ndugu. Hatuwezi kula hapa. Hatuwezi kuendelea."

Kuku alikuwa mezani, na firigisi imewekwa kando kwa ajili ya mzee wao mkubwa, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeigusa. Kijana aliitazama sakafu. Binti yangu alibaki pale chini na jagi lake, akanitazama, na machozi yalikuwa tayari. Niliogopa sana. Na aibu ni kwamba hata nikiwa na hofu ile, kulikuwa na sehemu ndogo ya akili yangu iliyokuwa ikitafuta njia ya kumwokoa mtoto bila kusema niliyemtundika ukutani ni nani.

Haikupatikana. Nikamshusha yule mtu, nikang'oa kadi ya fundi, na kibao kikatokea. Nikawaambia wote: hawa si babu zangu. Ni wafungwa. Nimewanunua mjini.

"Umewanunua," alisema shangazi. "Kwa nini?"

Ile hotuba ya ukweli wa uso nikaiacha. Nikampa picha. Akaigeuza, akasoma mwenyewe yaliyoandikwa: kijiji chao, na wizi wa ng'ombe. Hakumjua, alisema, lakini kwao wapo watakaomjua. "Huyu tutaenda naye."

Nilisita. Mbele ya ndoa ya mtoto wangu, nilisita, kwa sababu ndiye aliyekuwa bora katika mkusanyiko. Mke wangu akaitikia kwa niaba yangu.

Lakini jambo lilikuwa bado. Mtu aliyewadanganya mara moja hawezi kuaminiwa kwa maneno matupu. "Sasa tuonyesheni wenu," alisema shangazi, "tujue tuko na nani." Nikaenda kuvuta katoni chini ya kitanda. Ilikuwa na vumbi kiasi kwamba mzee wao alipiga chafya.

Shangazi akawa anatoa mmoja mmoja. "Huyu?" Nikasema ni mjomba. Mke wangu akasema si mjomba, ni mdogo wa babu, yule aliyekuwa fundi wa viatu. "Na huyu?" Nikamtazama mke wangu, akajibu yeye. Aliwajua wote: aliyezaa nani, ukoo upi, aliyehama kutoka wapi. Ameolewa kwetu, amepika kwenye matanga yetu yote, na kumbe wakati mimi naketi nje na wanaume yeye alikuwa anaambiwa. Ndiye aliyemtoa babu yangu mzaa mama wa kweli, akawaeleza kwao hasa ni wapi, na ni mbali na kijiji chao, na ukoo mwingine kabisa. Wazee wao wakaulizana, wakaridhika. Mtu akacheka. Shangazi akaomba maji ya kunawa.

Nikapumua, na kwa kuwa sikuwa nimesema lolote la maana kwa muda, nikataka kuchangamsha watu. Nikachukua picha moja kwenye katoni, kijana mwembamba amesimama peke yake, nywele zimekatwa njia ubavuni, macho makali. Nikaiinua juu. "Huyu naye mtazameni," nikasema. "Kwa uso huu, lazima alikuwa na kesi mahali."

Nilicheka peke yangu. Mke wangu alisubiri nimalize.

"Huyo ni baba yako," akasema, "kabla hujazaliwa."

Binti yangu akaweka jagi chini. Akaichukua ile picha mkononi mwangu, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso yake, akaitazama sana, kisha akauliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani. Alimwuliza mama yake.