Kilo Mia na Kumi na Mbili za Cleophace

"Mwembamba yeyote hapa ni marehemu anayesubiri kutangazwa!"

Ndivyo Cleophace wa Nyakakika alivyotamba msimu wa kahawa wa mwaka juzi, amesimama juu ya mizani ya chama cha msingi, ikisoma kilo mia na kumi na mbili. Wakulima kwenye foleni wakapiga makofi. Kila msimu alijipima hivyo baada ya magunia yake.

Hakuzaliwa bonge. Ujanani alisukuma baiskeli yenye mikungu mitano ya ndizi mpaka Nyakasimbi, mbavu zikihesabika. Kisha akanunua pikipiki, akavuka umri wa miaka hamsini, na mwili ukaacha kuchoma kile ambacho tumbo halikuacha kupokea. Sahani ilibaki ya kijana msukuma baiskeli. Soda za kushushia ndizo zilizoongezeka.

Kulikuwa na jingine, ambalo watu wa rika lake hawalisemi kwa sauti. Kaka yake Adelard alizikwa miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa ukivimaliza vijiji, akiwa mwepesi hivi kwamba watu wawili tu walitosha kubeba jeneza. Tangu siku hiyo Cleophace aliuona unene kuwa cheti cha uzima, akatembea amekitanguliza mbele ya mkanda.

Msimu uliopita mizani ikasoma tisini na moja.

"Umekonda, mzee," alisema Byabato, karani wa mizani. Hakuna aliyecheka. Foleni nzima ikatazama chini.

Wala hakuwa amepunguza kula. Alikula kuliko zamani, akanywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na kwa safari zake za usiku na mchana njia ya chooni ikaota ukoka upande mmoja tu, ule asiokanyaga. Dawa aliyojipa ni suruali mbili kwa pamoja, sweta chini ya koti, na vijiko sita vya sukari kwenye uji ili mwili urudi.

"Baba Ainembabazi, twende ukapime," mkewe Mackrine alimsihi.

"Wakiniona mlangoni pa hospitali, Jumapili wameshanizika."

"Nasema sukari, siyo hicho unachokiogopa."

"Sukari ni ya matajiri. Mimi bati langu lina kutu!"

Mwezi wa tano buti la mpira likamchubua mguu wa kushoto akipalilia migomba. Hakusikia kitu. Akavaa soksi, maisha yakaendelea. Nzi walijua kabla ya familia: walimfuata shambani, wakamfuata mezani, wakamsubiri nje ya kanisa.

Wiki ya tatu Mackrine aliivuta ile soksi kwa nguvu. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama kahawa iliyosahaulika kaangoni.

"Lakini haviumi hata kidogo!" Cleophace alisema, kwa fahari kabisa.

Hospitalini alirudia maneno hayohayo, na ndipo daktari alipoacha kuandika. Akamtoboa kidole cha mkono, akaweka tone kwenye kipimo. Kipimo hakikutoa namba; kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

"Tutakata chini ya goti," alisema daktari. "Jumatano. Tukichelewa, tutakata juu yake."

Cleophace akauliza swali moja tu:

"Nitapungua kilo ngapi?"

Mackrine hakumsubiri daktari ajibu. Alitoka hadi barazani, akampigia simu fundi seremala wa kijijini.

Magongo ya kutembelea, ya mkaratusi, fundi alimtajia, jozi moja ni shilingi elfu kumi na nane.