Boti Haina Breki

Kwa miaka ishirini na mbili niliendesha trela kutoka Mombasa hadi ng'ambo ya Malaba. Kwenye foleni ya mpakani, madereva wenzangu waliniita niwarudishie magari nyuma palipokuwa pafinyu. Kwa hiyo nilipostaafu, na mimi na mke wangu tukaamua kuunda boti ya kutembeza wageni ziwani kule Sio Port alikozaliwa, sikuuliza nani angekuwa nahodha.

Boti iliundwa nyuma ya nyumba yetu hapa Busia mjini. Fundi alipigilia mbao, sisi tukaziba mianya kwa pamba. Misumari na rangi aliniuliza mimi. Lakini upana wa boti na mahali pa kufunga injini alimwuliza mke wangu, mwanamke niliyemjua miaka yote hiyo kama muuza vitenge. Siku moja mke wangu alipitisha kiganja kwenye mbao akasema, hapa patavuja. Tulipoijaribu kwa maji, pakavuja hapo hapo. Fundi alimsifu. Mimi nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Tuliisafirisha kwa lori hadi Sio Port. Aliyetufundisha ni mvuvi wa makamo, aliyekua pamoja na mke wangu. Boti haina breki, na ukisukuma mkono wa injini kushoto, yenyewe inaelekea kulia. Mikono yangu ilikataa. Mara tatu niliingia kwenye magugumaji. Mke wangu akashika zamu yake, akazunguka mbali, akarudi gatini taratibu bila kugusa nguzo. Mvuvi akasema kitu kwa Kisamia, wakacheka wote wawili. Mimi ni Mteso wa Angurai, sikuambulia neno. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumsemesha.

Wageni wetu wa kwanza walikuwa kwaya ya kanisa letu. Mke wangu alipokuwa akiwavisha jaketi za kuokolea, mimi nilikwishakaa nyuma na kuwasha injini. Nikawatangazia kwamba nahodha ni mimi. Aliniangalia kidogo, akaenda kuketi na waimbaji.

Kwenda kulikuwa kuzuri, waliimba. Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umepanda, unatupiga ubavuni. Nilikata kona kama ninayeingiza trela yadi. Boti ikagonga gati, ubao ukapasuka, na mama mmoja mzee akaangukia goti. Sikumbuki mke wangu alivyofika nyuma. Nakumbuka tu mkono wake juu ya wangu, ukiusogeza. Aligeuza boti ikatazama upepo, akatuleta gatini salama.

Nilimsindikiza yule mama zahanati, nikamwomba msamaha. Kesho yake, tukibadilisha ubao, nilimwambia mke wangu, "Nilikuonea wivu."

"Wa boti, au wa yule mvuvi?"

"Yote mawili."

Alipigilia msumari mmoja kabla ya kujibu. "Mzee, ulipokuwa barabarani, mimi nilikuwa naonea wivu lile trela. Lakini sikuligongesha popote."

Sasa nahodha ni yeye. Mimi nafunga kamba na kuwashika wageni mkono wakipanda. Wiki iliyopita mgeni kutoka Alupe alimsifu mbele ya wote, na wivu ukanirudia. Nikamwambia mgeni akae katikati, boti isilalie upande.