Gari la Mbuzi

Ami yangu wa Ramisi aliponunua pikapu, mkewe aliizunguka mara moja, akashika kiuno. “Hili ni gari la mbuzi, bwana. Liuze, utuletee gari la watu.” Akakataa kulipanda, na ami akaanza kutafuta mnunuzi.

Jumamosi tulikuwa tukimpeleka binti yao kwa mumewe, Diani. Basi tulilokodi likazima Msambweni, na wenyeji wanatungoja. Ami, aliyekuwa akitufuata na masufuria ya pilau, alisimama, akatandika mikeka nyuma. Bibi arusi akaketi mbele. Mamake akalitazama jua, akavua viatu, akapanda nyuma pamoja na wanawake na ngoma zao. Tuliingia Diani kwa vigelegele, na cha mama huyo ndicho kilichovuma kuliko vyote.

Jana akaja mchuuzi wa Kinango kuulizia pikapu. “Naitaka ya kupelekea mbuzi mnadani, mama.”

“Mbuzi?” mke wa ami akamaka. “Ndani ya gari la watu?”

Ami akaendelea kufuta kioo kilichokwisha takata.

Basi anayetaka kujua kama pikapu yafaa kwa matumizi ya kila siku asimwulize mwenye gari. Amwulize mkewe, tena baada ya arusi.