Mwanamke wa Sauti ya Nne

Kanisani walimwita Dada Uzi, na si kwa sababu ya mwili. Mwili alijaliwa, akisimama mlangoni, mwanga ulisubiri nje. Walimwita Uzi kwa sababu ya kisauti chake chembamba, cha juu juu, ambacho mtu alilazimika kuinama ili akisikie. Wageni walidhani ni haya. Haya wapi. Ile sauti haikuwa yake.

Sauti yake yenyewe ilikuwa nzito, na hapo sitii chumvi. Ilitoka chini kifuani, pana, tulivu, sauti ambayo mwanamume yeyote angetembea nayo kifua mbele. Ilimshukia akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku hiyo darasani aliambiwa asome aya moja, akasoma, na mwalimu aliyekuwa ameinamia daftari akauliza, "Wewe kijana, nani kakwambia usome?" Darasa zima likaangua kicheko. Alipofika nyumbani analia, mama yake hakumbembeleza. "Mwanangu, ongea kike," alimwambia. "Sauti hiyo itakufukuzia wachumba." Mtoto akatii. Akajifunza kubana koo, akalibana miaka thelathini, na wachumba hawakuja vilevile.

Kazi yake ilikuwa udobi, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yaliletwa kwa toroli, yenye damu yakalowekwa peke yake kwenye maji baridi, mengine yakaingia mashineni, kisha yakakamuliwa, yakapigwa pasi na kukunjwa mara nne. Mashine ya kukamua ilikuwa kuukuu, ina kelele za kumtia mtu wazimu, na yeye aliipenda kwa kelele hizo. Ikishaanza kunguruma, alifungua koo akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake ya kweli, kwa kuwa hakuna aliyemsikia.

Siku moja umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza ghafla, wimbo ukabaki peke yake katikati ya chumba. Mwenzake wa upande wa pasi, mwanamke wa maneno mengi, akachungulia akiwa na shuka mkononi.

"Nani huyo?"

"Redio," Dada Uzi akajibu kwa kile kisauti.

"Redio gani, mwenzangu, na umeme umekatika?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya furushi la nguo. Kisha akaacha kucheka, akamtazama. "Sasa hiyo unaificha ya nini?" Dada Uzi akarudi kwenye mashuka yake, na ajabu ni kwamba mwenzake hakumwambia mtu. Kwa mwanamke yule, kutunza siri hata siku mbili kulikuwa muujiza.

Jioni Dada Uzi alirudi kwenye chumba chake kimoja. Alikuwa na viti viwili. Cha pili alikinunua kwa ajili ya wageni, na sasa kilikuwa kinabeba nguo za kunyoosha. Simu haikulia mara nyingi. Safari moja alipigiwa na mtoto wa dada yake, akaipokea akiwa bado na usingizi, bila kukumbuka kubana koo. "Shikamoo baba," mtoto akasema, "naomba kuongea na mama mdogo." Unajua alifanya nini huyu mtu? Akasema, "Subiri," akanyamaza kidogo, kisha akarudi na kisauti chembamba: "Haloo, mwanangu." Alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu, akaona aibu hata kujitazama.

Watu wake walikuwa kwaya. Walitembea pamoja baada ya mazoezi, wakaenda kuwaona wagonjwa pamoja, na akikosekana Jumamosi moja, kuna mtu angeuliza yuko wapi. Mahali pengine pote angeweza kutoweka wiki nzima bila mtu kujua. Sasa kwaya ile ilikuwa na desturi yake: sauti ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume, na ndivyo walivyosimama kwa safu. Yeye walimweka sauti ya kwanza, kule juu kabisa. Kisauti cha kubana kinaongea, lakini hakiimbi, kikipanda kinapasuka. Akafanya nini? Akafungua mdomo tu. Miaka tisa alisimama safu ya mbele akiwa na sare iliyonyooka kuliko zote, akichezesha midomo bila kutoa hata punje ya sauti. Na mwalimu wa kwaya, maskini, alimsifu. "Mwigeni Dada Uzi," aliwaambia wengine. "Anaimba bila kumfunika mwenzake."

Tena hapo ndipo ninapotaka kucheka na kulia. Sauti ya nne ya kwaya ile ilikuwa na wanaume wawili tu, mmoja mzee wa pumu, mwingine wa kuja na kutoweka. Kila mazoezi yalipoisha mwalimu aliomba, "Bwana, tupe mtu wa sauti ya nne," na kwaya yote ikaitikia amina. Dada Uzi naye akaitikia amina, kwa kile kisauti. Waliomba hivyo miaka tisa.

Lakini njia ya mwongo fupi. Mwalimu akatangaza kwamba kwaya itarekodi nyimbo kwa video, na Jumamosi kila mtu ataimba ubeti mmoja peke yake mbele ya wote. Dada Uzi alitaka kusema anaumwa. Kazini akamweleza mwenzake, naye akamjibu, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda."

Akaenda. Zamu yake ilipofika, alianza na kisauti. Kikapasuka kwenye neno la pili. Nyuma, mtu akacheka chinichini. Akaanza tena, kikapasuka tena, na hapo akachoka. Hakuwa jasiri, alikuwa amechoka tu. Akaacha koo lifunguke, akaimba ubeti ule kwa sauti ya nne mpaka mwisho.

Mzee wa pumu peke yake alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia kitu anachokijua. Wanawake wa safu yake wakamtazama alivyotazamwa darasani siku ile. Mwalimu alifunga kitabu, akamwita pembeni, kwenye ujia.

"Dada, hiyo ni sauti ya nne."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na tunaihitaji kweli. Lakini mwanamke kwenye safu ya wanaume, mbele ya kamera? Watu watasema." Akafikiri, uso ukamng'aa. "Tufanye hivi. Sauti turekodi kwanza, wewe na wanaume. Siku ya picha utasimama na wanawake, ufungue mdomo tu. Hakuna atakayejua."

Alisema kwa wema kabisa, na wema wenyewe ndio uliomuumiza. Angebaki kwenye kwaya, na asingepoteza mtu hata mmoja. Mwenzake wa pasi naye, aliposimuliwa, alisema, "Kubali bwana, hasara iko wapi?" Usiku na mchana neno hilo lilizunguka kichwani. Alijua hasara iko wapi. Wangepata sauti yake, na yeye angeendelea kutokuwepo.

Jumapili iliyofuata alimkabidhi mwalimu sare yake, imefuliwa na kukunjwa mara nne.

"Nikiimba, nataka nisimame pale ninapoimbia," alisema, kwa sauti yake. "Mungu ndiye aliyenipa koo hili. Siwezi kumsifu huku nalificha."

"Kiburi hicho, dada," mwalimu akamwambia taratibu. "Kitakuacha peke yako."

Hakukosea. Dada Uzi aliketi kwenye benchi na waumini wengine, akaimba sauti ya nne, si kwa kupaza wala kwa kunong'ona. Mama mmoja mbele yake aligeuka mara tatu. Ibada ilipokwisha, kwaya ilitoka kwa mlango wa ubavuni, wakacheka huko nje, wakaondoka pamoja kumwona mgonjwa. Yeye akarudi kwa miguu peke yake kwenye jua la mchana, na njiani akaanza kujuta.

Akafunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda amlalamikie Mungu. "Baba, ona nilivyobaki," akaanza, machozi tayari yamemjaa. "Nimefanya ulichotaka, na sina mtu."

Akasikia. Alikuwa anaomba kwa kile kisauti.

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine, mlango umefungwa, naye amebana koo. Akajaribu kukumbuka ni lini alimwomba Mungu kwa sauti yake, akarudi nyuma mwaka kwa mwaka, asipate hata siku moja. Akamkumbuka Yakobo, aliyevikwa ngozi za mbuzi akaingia kwa baba yake kipofu, akajiita mtu mwingine ili apate baraka. Yule angalau alimwendea baba asiyeona. Yeye alikuwa akimdanganya nani? Aliona haya mpaka uso ukamchoma, kisha akalia vizuri, kwa kwikwi nzito zilizotoka chini kabisa.

Akakohoa, akafuta pua. "Baba," akasema, na neno likajaa chumba kizima. Akaendelea. Alimweleza Mungu habari za darasa na mama, za safu ya mbele na miaka tisa, na jinsi alivyoogopa jioni zinazokuja.

Ukuta ukagongwa. Jirani wa chumba cha pili, mwanamke asiyependa kupitwa na jambo, aliita kutoka upande wake: "Jirani, kwani una mgeni humo?"

Aliinua kichwa, mikono bado juu ya kitanda.

"Hapana," akajibu kwa ile sauti nzito. "Ni mimi."

Akainamisha kichwa, akaendelea kuomba.