Kona ya Mbalibali Ilivyochukua Mguu Wangu

Kina mama, makofi baadaye, nimechoka kusimama. Chini ya gauni hili kuna mguu mmoja wangu na mmoja wa plastiki.

Naitwa Robi. Niliolewa na mwanamke mzee, Mama Ghati, kwa ndoa yetu ya nyumba ntobhu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe kwa baba yangu ili nizae watoto wa nyumba yake. Nikazaa wawili na mwanaume wa nje, asiye na haki juu yao. Pale kwetu hakuna mwanaume, kwa hiyo pikipiki niliendesha mwenyewe, nikiwapelekea maziwa na ndizi wachimba dhahabu wa Kerende. Nilikuwa na mbio, na nilijisifu.

Siku hiyo nilirudi giza limeshaingia. Barabara ya Mbalibali inapindapinda, changarawe tupu. Nikakata kona, taa ikammulika ng'ombe mweusi kasimama katikati. Nikafunga breki, tairi likateleza, nikaingia mtaroni na pikipiki juu yangu. Ekzosi iliniunguza paja mpaka nikasikia harufu ya nyama yangu. Chini ya goti mfupa ulikuwa umetoka nje. Niliita mpaka sauti ikakauka. Hakupita mtu mpaka kulipokucha.

Wapita njia waliponiokota wakampigia kaka yangu, Chacha. Nikamkataza kumwambia Mama Ghati. Huku kwetu mke akirudishwa kwao, watoto hubaki kwa aliyetoa ng'ombe. Nilijiuliza, mzee yule atamfuga kilema wa nini? Nikasema aambiwe kazi imenibana Kerende. Moyoni nilipanga nikipona nirudi kwa miguu yangu.

Chacha akanipeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Amewaunga wengi, sisemi uongo, lakini hao mifupa yao haikuwa nje. Akaurudisha wangu ndani kwa mikono, akafunga vijiti, akakaza kamba. Vidole vikavimba, vikawa vyeusi. Usaha ukaanza kutoka. Nilikuwa naoza huku najiona, na bado nikamwambia Chacha asipige simu.

Homa iliponizidi akanibeba hospitali kwa nguvu. Daktari alipofungua vile vijiti aligeuza uso kidogo.

"Mguu umeoza," akasema. "Tusipoukata leo, utakufa."

"Kata shingo kwanza," nikamjibu.

"Mume wako yuko wapi, tumweleze?"

Chacha akatoka nje kupiga simu.

Mama Ghati alifika na kanga ya kulalia, viatu haviendani. Daktari akamwamkia, "Shikamoo mama. Tunamsubiri mume wa mgonjwa."

"Marahaba. Mume ni mimi. Mimi ndiye niliyemuoa."

Daktari akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama Ghati akafunua shuka, akautazama ule mguu. Hakuziba pua. Nikaanza kulia. "Mama, wakikata utanirudisha kwetu. Nani atakuchotea maji?"

Akakasirika kweli. "Robi, unanidharau. Nilitoa ng'ombe uwe mtu wangu, sikununua mguu. Watoto wanakuulizia kila siku, mimi nawaambia uko Kerende, kumbe uko hapa unakufa. Mwambie daktari akate."

Nikasema ndiyo. Walikatia juu ya goti.

Siwadanganyi, miezi iliyofuata nilitamani kufa. Vidole ambavyo havipo viliwasha usiku kucha. Kidonda kilitoa maji. Mama Ghati alinihamishia kitandani kwake, akaniosha, akanishikilia chooni, yeye na mgongo wake mbovu. Nikimtukana kwa maumivu aliendelea tu na kazi yake. Namshukuru Mungu, na yeye namshukuru nikiwa bado namwona.

Sasa nawaomba. Mfupa ukitoka nje ya ngozi, usikubali kufungwa vijiti, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiumia, waambie wa nyumbani kwako, hata kama unawaogopa. Daktari aliniambia ningewahi, pengine mguu ungepona. Nilipomweleza Mama Ghati akalia, mara ya kwanza kumwona analia. Akasema, "Ungeniita, ningekubeba mgongoni." Najua angenibeba.